Koki ya Petroli Inajifunga Yenyewe

Jumapili, 1 Aprili 2012

Leo nimeifunua. Miezi mitano chini ya blanketi, kule gereji ya Laeken. Vumbi, buibui wawili, na harufu ya petroli iliyochacha. Nikaisalimia — shikamoo bibi! Ni ya mwaka 1954, imenizidi miaka ishirini na moja, inastahili.

Nikafungua koki ya petroli, nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena. Kimya. Nikapiga mara thelathini na kitu mpaka shati likalowa. Siku ya wajinga imempata mjinga wake.

Nijiandikie jambo lenyewe wazi, maana nikichoka huwa najidanganya. Pikipiki ilikuwa ya baba mkwe wangu, Papa Kalenga, aliyefariki mwaka jana mwezi huu. Tarehe 28 tunaanua matanga. Maman Régine, mjane wake, atavua nguo nyeusi, na ukoo wote utakula na kucheza ukumbini Saint-Josse. Siku hiyohiyo Tonton Modeste, mdogo wa marehemu, anakuja kutoka Charleroi na trela. Walishakubaliana kwenye kikao cha familia: pikipiki ikitembea siku hiyo, inabaki Laeken kwa mjane. Isipotembea ni chuma tu, Modeste anabeba. Kwa mila zao za Kikatanga vitu vya marehemu ni vya ndugu zake, kwa hiyo hata hilo sharti lilikuwa huruma. Modeste alilikubali haraka mno. Anamjua fundi.

Fundi ni mimi. Karani wa masijala, mikono laini, mtoto wa Tukuyu aliyehamia ughaibuni. Na ni mimi niliyeilaza mwezi wa Novemba bila kumwaga petroli ya zamani. Nani alinituma!

Jumatatu, 2 Aprili 2012

Paja la kulia halinyanyuki. Nimepanda tramu kwa kujivuta na bomba. Ofisini wanadhani nimecheza mpira. Nimewaacha wadhani hivyo.

Jumatano, 4 Aprili 2012

Nimepita kwa Onésime, Saint-Josse, baada ya kazi. Ana kiduka cha kutengeneza skuta, kipana kiasi cha skuta moja na nusu. Yeye mwenyewe hukaa nje. Mtu wa Likasi, Mkatanga kama wakwe zangu. Nikamweleza habari ya petroli.

— Essence iko mule tangu mwezi gani?

— Novemba.

— Novembre! Eeh! Mukwe, ile haiko essence tena, iko sirop.

Akanipa masharti kama mganga. Mwaga yote. Fungua kabureta, safisha, puliza vitundu vyote. Toa plagi ya zamani, tia kijiko cha oili kwenye silinda, acha ilale. Kesho yake tia plagi mpya. Akaniuzia plagi. Kisha akawaambia wateja wake wawili wanisikilize ninavyosema, eti ni Kiswahili cha redio. Nikawaaga kwa taarifa ya habari kamili, na hali ya hewa. Wamecheka mpaka mmoja akaketi kwenye ndoo.

Ijumaa, 6 Aprili 2012

Ijumaa Kuu. Ofisi imefungwa. Nimeshinda gereji.

Petroli ya zamani imetoka rangi ya chai. Kabureta nimeifungua juu ya gazeti, kila kipande nikakiandikia namba kwa kalamu, mtu wa masijala ni mtu wa masijala. Nikasafisha, nikapuliza mpaka kizunguzungu. Nikafunga. Skrubu moja imebaki. Nimeitazama sana, nikaitia mfukoni.

Plagi ya zamani nimeitoa, nyeusi tititi. Nikatia oili, nikaziba tundu kwa kitambaa. Plagi mpya nikaiweka rafuni ndani ya boksi lake. Petroli mpya tangini. Koki nikaifungua nione kama inapita. Inapita! Nikaenda nyumbani nikitembea kifua mbele. Mke wangu Myriam akanikataza kukaa kwenye kochi.

Jumamosi, 7 Aprili 2012

Sielewi.

Nimefika saa nne. Plagi ya ZAMANI iko mahali pake, imekazwa. Kitambaa changu kimekunjwa mara nne, kipo juu ya kiti. Plagi mpya bado ndani ya boksi. Nilitoa au sikutoa? Nilitoa. Mikono bado inanuka.

Basi nikatia mpya, nikapiga kiki. Wapi. Kabureta haipati petroli hata tone. Nikaifungua upya, nikasafisha upya. Safari hii zimebaki skrubu mbili.

Jumatatu, 9 Aprili 2012

Jumatatu ya Pasaka. Jana tulikula kwa Maman Régine. Yaani mimi nilikula sebuleni na yeye alikula jikoni, mlango umerudishwa.

Wenyewe wanaita buko. Mama mkwe na mkwe wa kiume hawali pamoja, hawashikani mkono, hawaitani kwa jina, na hawabaki wawili chumbani. Miaka sita sasa hajanisemesha moja kwa moja. Anasema na Myriam, na Myriam asipokuwepo anasema na televisheni. Jana: "Myriam, ambia ule muntu aongeze nyama, amekonda." Nikiwa mita mbili! Nami nikamwambia Myriam amwambie asante. Myriam alikuwa anatafuna, hakupeleka ujumbe wowote, na kila mtu akausikia.

Silalamiki. Ni heshima, na wanaiheshimu kwa moyo. Kwetu Tukuyu mambo ni kinyume: mke wa mtu ndiye humkimbia baba mkwe wake. Utotoni niliwacheka sana wake za kaka zangu walivyokuwa wakiruka mfereji wakimwona baba kwa mbali, ndoo kichwani. Leo ninayeruka ni mimi. Mungu si Athumani.

Ila kuna kitu kinanikera. Huyu mama alipanda nyuma ya pikipiki ile miaka thelathini. Lazima anajua ilikuwa inawashwaje. Jibu liko jikoni, mimi niko sebuleni, na katikati kuna mlango.

Alhamisi, 12 Aprili 2012

Ukurasa huu nauandika nikiwa bado na aibu.

Jioni nilikwenda kufungua kabureta mara ya tatu. Kabla sijashika bisibisi nikaitupia macho koki. IMEFUNGWA. Niliifungua Ijumaa Kuu kwa mkono wangu! Siku zote hizi ninatafuta uchafu kwenye kabureta, kumbe petroli haikuruhusiwa kutoka tangini. Nikaifungua. Nikatoka kununua betri za tochi, nikarudi baada ya dakika arobaini. Imefungwa.

Nikarudi hatua mbili nyuma. Gereji ile haina dirisha. Nilimwona Papa Kalenga kabisa, na lile koti lake la ngozi. Nikasema kwa sauti: "Papa, kama ni wewe, samahani, nilisahau kumwaga petroli." Nikafunga mlango polepole, nikaondoka mbio za heshima.

Nikamweleza Myriam. Alikuwa amerudi zamu ya hospitali, amechoka, miguu ndani ya beseni. Alicheka mpaka beseni likamwagika.

— Domi! Haiko mufu. Iko maman!

Kumbe mama ana ufunguo wake. Anakwenda pale kila siku baada ya misa, na siku nyingine jioni, tangu msiba. Anaifuta, anakaa kidogo, anafunga koki, anaifunika. Papa Kalenga alimfundisha: koki wazi usiku, nyumba inaungua. Akaikuta wazi. Akakuta tundu la plagi limezibwa na kitambaa, akaona mkwe ameharibu injini, akairudisha plagi ya zamani kwa mikono yake.

— Sasa kwa nini hakuniambia?

— Akuambie weye? Mukwe yake? Akukosoe? Non mais, Domi, haya ingemuua.

Kwa hiyo watu wawili wanatengeneza pikipiki moja kwa zamu, na kila mmoja anaharibu kazi ya mwenzake kwa adabu. Wahenga wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Wahenga hawakuwa na mama mkwe wa Kikatanga.

Siku kumi na sita zimebaki.

Jumamosi, 14 Aprili 2012

Nimepata dawa!

Myriam hawezi kuwa mjumbe, zamu zake hazitabiriki, na kabureta haijui hata ilipo. Kumwandikia mama barua ni kumsemesha. Basi nimeiandikia pikipiki. Kipande cha boksi, nimekiegemeza kwenye usukani:

"Bibi, leo tafadhali koki yako ibaki wazi. Kabureta imeshasafishwa. Plagi iliyomo ni mpya. Asante."

Myriam anasema nimerukwa na akili. Tuone.

Jumapili, 15 Aprili 2012

AMEJIBU! Chini ya maandishi yangu, kalamu ya buluu, herufi za shule ya masista (kwao moto ni pikipiki, na paka ni mpaka):

"Moto, sikia. Kama kabureta iko propre, bwana yako alikuwa anafinya kwanza kale kabouton, paka essence itoke inje. Kiisha njo anapiga."

Kabouton kapi? Nikatafuta kwa tochi. Kumbe ubavuni mwa kabureta kuna kitufe kidogo, mimi nilidhani ni kichwa cha skrubu. Nikakibonyeza na kungoja. Tone. Tone jingine. Nikapiga kiki.

Pff!

Mara moja tu, kikohozi, moshi kidogo wa buluu. Kisha kimya. Lakini imekohoa! Nimelibusu tangi, nina oili puani hadi sasa. Nimeandika: "Bibi, umekohoa leo. Mwambie aliyekufundisha, Mungu ambariki."

Jumanne, 17 Aprili 2012

Mvua. Barua ya leo kutoka upande wa pili: "Moto, wakuondolee maji mu pneu ya nyuma, na ule muntu avae gants, mikono yake haiko ya kazi." Tairi nimelikausha, na kuhusu glavu nimejitetea kwa mistari mitano.

Tonton Modeste amepiga simu. Sauti tamu.

— Mukwe! Alors, ile chuma inasema nini?

— Inakohoa, tonton.

— Inakohoa! Basi iko mugonjwa. Usiichokeshe, njoo niichukue mu amani.

Akauliza na urefu wake kutoka gurudumu hadi gurudumu, eti ya kamba za trela. Nikampa vipimo visivyo. Dhambi ndogo.

Alhamisi, 19 Aprili 2012

Naandika nimelala. Mguu juu ya mito miwili.

Iliwaka! Iliwaka sekunde mbili, tatu, kisha kiki ikarudi kwa nguvu zake zote ikanipiga chini ya goti. Niliruka gereji nzima kwa mguu mmoja. Nilitukana Kinyakyusa, lugha ambayo sijaitumia tangu Krismasi. Myriam ameushika mguu, ameugeuza, amesema haujavunjika, na kwamba nikipiga kiki nyingine kabla ya wiki mbili atauvunja yeye mwenyewe.

Wiki mbili! Zimebaki siku tisa.

Nimemwomba apeleke barua: "Bibi, kwa nini umenipiga?"

Ijumaa, 20 Aprili 2012

Jibu, Myriam ameniletea (manette, anasema, ni ule wenzo mdogo wa usukanini):

"Moto, umepiga muntu juu hakurudisha ile manette kidogo ya kushoto. Kama hairudishwe, moto inawaka mbele ya saa yake, inapiga. Bwana yako ilimupiga mara tatu. Aweke majani ya choux ku muguu. Pole yake."

Pole yake. Nimeisoma mara nyingi. Miaka sita, na hili ndilo neno la kwanza la mama mkwe kunijia mimi, ingawa limepitia kwa pikipiki. Nimefungiwa majani ya kabichi. Ninanuka supu, na nimefurahi kuliko inavyostahili.

Jumapili, 22 Aprili 2012

Myriam amejaribu kupiga kiki. Kilo hamsini na nne. Kiki haikushuka, yeye ndiye aliyebaki juu yake, ananing'inia. Nimecheka, amenuna, tumepatana.

Onésime nimempigia, amesema angekuja, ila Jumamosi ana ubatizo, Jumapili ana ubatizo. Nani mwingine? Vijana wa ukoo wote wako upande wa Modeste, au wanamwogopa, ni yaleyale.

Leo nimejiuliza ninahangaikia nini. Chuma cha watu. Mila zao zinasema wazi si changu, na kikibaki hakitakuwa changu vilevile, kitakuwa cha mama.

Ni kwa sababu ya mwaka 2006. Nilikuja kujitambulisha. Sebule ile, watu kumi na wawili, kila nikifungua mdomo wanacheka Kiswahili changu. Shangazi mmoja akaniuliza kama nitasoma na matokeo ya mpira. Nilikuwa natoka jasho mpaka kwenye soksi. Papa Kalenga akasimama, akasema: "Kuya, tutembee." Akanipandisha nyuma bila kuniuliza kama naogopa. Naogopa! Tukazunguka Laeken yote, tukasimama kula chipsi, akaniambia: "Miye nilikuya hapa mu soixante-huit, sitini na nane. Sikuyua muntu. Ile moto njo ilikuwa rafiki yangu ya kwanza." Hakuniuliza kazi, wala karatasi, wala dini. Tuliporudi sikuwa mgeni tena, au nilikuwa mgeni wake, ambayo ni bora zaidi.

Ninampenda yule mzee. Ndiyo hivyo. Na sitaki kumwona anafungwa kamba kwenye trela.

Jumanne, 24 Aprili 2012

Mvua. Mguu. Kabichi.

Alhamisi, 26 Aprili 2012

Nimefika gereji kwa kuchechemea. Nimeiandikia: "Bibi, mguu bado. Sina mtu wa kupiga kiki. Jumamosi asubuhi nitajaribu hivyohivyo. Ikishindikana, unisamehe, na aniwie radhi mwenye kalamu ya buluu."

Sikuweza kuandika zaidi. Nimefunga koki mwenyewe kabla ya kuondoka.

Ijumaa, 27 Aprili 2012

Jibu ni fupi kuliko yote:

"Moto, kesho saa mbili ya asubui ule muntu akuwe inje ya garage. Aangalie ukuta. Asigeuke."

Myriam anaapa hajui kitu. Simwamini. Amenipigia pasi suruali ya kesho mara mbili.

Jumamosi, 28 Aprili 2012

*Asubuhi, saa tatu na nusu*

Haraka haraka.

Saa mbili nilikuwa nje, pua kwenye ukuta wa matofali, suruali ya sherehe, manyunyu. Jirani mmoja na mbwa wake walinipita. Nikamwambia bonjour bila kugeuka. Mbwa ndiye aliyeshangaa.

Nikasikia viatu. Mlango. Blanketi linavutwa. Koki, klik. Kitufe cha kabureta, klik klik klik. Kisha viatu vinavuliwa, kimoja, cha pili. Nikaelewa. Anapiga yeye! Miaka sitini na mitatu, mwenye presha! Nikataka kugeuka, nikakumbuka, nikabaki na ukuta wangu.

Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, pff. Akasema, si na mimi, na pikipiki: "Bon. Sasa acha mambo yako." Ya tatu —

Iliunguruma! Vigae vya gereji vilitetemeka! Sauti ileile, ya mzee, ile iliyokuwa inatangulia kona mbili kabla hajafika. Niligeuka. Dhambi, najua, niligeuka. Maman Régine amesimama peku kwenye sementi, kitambaa cheusi kimemtoka kichwani, analia na kucheka mara moja. Nikarudi ukutani haraka. Nami nilikuwa nalia.

Halafu sauti ikaanza kushuka. Inakufa! Ile manette irudishwe taratibu na gesi ishikiliwe, ni kazi ya mikono miwili, na mkono wake mmoja una baridi yabisi. Nikasikia:

— Dominic! Gaz!

Jina langu. Sikusubiri Myriam atafsiri. Niliruka kwa mguu mmoja na nusu, nikashika usukani upande wa kulia, yeye ameshika wa kushoto, hatutazamani, kila mmoja anatazama taa ya mbele. Ikatulia. Dug, dug, dug. Tumekaa hivyo dakika tano nzima, labda kumi. Kisha akaniachia na manette, akavaa viatu, akaenda kuwapikia chai wageni.

Haijazimwa. Hakuna anayethubutu kuizima. Nimemweka Myriam kwenye gesi, mimi nimekuja kunawa.

*Saa nne na dakika kumi — chooni kwa Maman Régine, ghorofa ya kwanza*

Nimejifungia. Daftari lilikuwa mfukoni mwa koti. Nina dakika mbili.

Ukoo wote uko barabarani. Magari saba. Trela. Modeste, suti ya rangi ya maziwa, aliizunguka pikipiki mara mbili, akainama, akainuka.

— Bon. Inalia. Lakini kulia haiko kutembea. Tulisema nini mu kikao? I-tem-be-e.

Na ni kweli, ndivyo walivyokubaliana. Nikasema basi naipeleka ukumbini, Saint-Josse, nyote mnifuate. Akatabasamu. Nililiogopa lile tabasamu kabla hajafungua mdomo.

— Weye? Na nani nyuma? Ikuwe ya mujane, mujane apande, bantu bote bamuone. Kama anabakia, donc iko moto ya mukwe, na mukwe haiko na kintu hapa.

Wazee wakaguna, eeh, ni sawa. Kila mtu anajua mama hawezi kupanda nyuma yangu. Kupanda ni kunishika kiunoni. Kwa buko ni afadhali nimtukane. Modeste akaanza kuvua koti: "Miye njo ndugu ya mufu. Miye namubeba."

Maman Régine akatoka mlangoni na nguo zake nyeusi.

— Weye, Modeste? Weye utanibeba paka Charleroi.

Akashuka ngazi, akapita katikati yao, akapanda. Nyuma. Akakalia upande mmoja kama alivyokuwa akikaa siku zote, mkoba magotini. Hakunitazama. Akasema na taa ya mbele: "Miye niko tayari."

Kelele! Shangazi Thérèse analia kwamba ni aibu, na siku ya kutoa nyeusi! Alphonsine, binamu, anasema watafute mtoto akae katikati. Mwingine anasema kiwekwe kitenge katikati yetu. Mwisho Thérèse amekimbia ndani akarudi na mto wa kitandani, mkubwa, wa maua, akanisukumia kifuani: "Uweke hii katikati! Bintu bisiguse!" Na mama amewapa wote kisogo. Mimi nikasema naenda kuchukua helmeti yake juu ya kabati. Nikapanda ngazi na mto wangu.

Sasa niko hapa. Helmeti ninayo.

Nikikataa, trela. Nikikubali, ukoo mzima utaona mama yao amemshika mkwe, na hilo halirudishwi, si kesho, si kwa faini ya mbuzi wowote. Watamsema mpaka Lubumbashi. Mimi nitasemwa nini, mimi ni mtu wa redio tu. Ni yeye. Mwaka mzima amevaa nyeusi bila mtu kumkuta na kosa, na leo ndiyo siku —

Modeste anasikika kutoka dirishani. Anafungua makomeo ya trela, kwa sauti, nisikie. Injini imeshuka. Imepanda. Kuna mtu anaitia gesi kutoka kiti cha nyuma, amenyoosha mkono, kidogo kidogo, anajua anachofanya. Myriam hajui hivyo.

Hajashuka. Wanamwomba na hajashuka.

Mlango unagongwa. Thérèse anauliza kama mto umetosha.

Nashuka. Mto nauacha hapa, juu ya mashine ya kufulia.